Karura ni ya Mathare pia

Nilipomwambia mdogo wangu kwamba Jumapili tunaenda Karura kutembea, aliniuliza swali moja tu: "Kwani umetupatia kazi huko?"

Hakuwa anatania. Kwa msee aliyezaliwa na kukulia upande wetu wa Thika Road, ng'ambo ya Muthaiga huendwa kwa sababu maalum. Unaenda kufua, kulinda geti, kukata nyasi, kubeba mawe kwa mjengo. Kwenda huko bila kuitwa na mtu, eti uangalie miti halafu urudi nyumbani, ni jambo linalohitaji maelezo. Mama, aliyekuwa kando anachagua mchele, naye akauliza kama huo si ule msitu maiti zilikuwa zinatupwa.

Nitayarudia maswali yote mawili. Kwanza umbali. Kutoka kwetu, karibu na 4A, hadi lango la Karura lililo Kiambu Road ni mwendo wa miguu wa kama saa moja, ukitembea bila haraka. Mimi nina miaka 24, na yote nimeiishi Mathare. Niliingia Karura kwa mara ya kwanza mwaka jana tu. Yaani nilifika Mombasa kabla ya kufika Karura. Nilikuwa nimeona simba kwenye simu mara elfu moja kabla ya kumwona mbega anayeishi saa moja kutoka mlangoni kwetu.

Na siko peke yangu. Niliuliza mbogi yetu pale tunapokaa jioni, watu kumi na mmoja. Wawili ndio walikuwa wamewahi kuingia. Mmoja alipelekwa na kanisa. Mwingine alikuwa amebeba sufuria za wapishi siku kampuni fulani ilipoleta wafanyakazi wake kucheza michezo, na hakutoka pale jikoni hadi jioni.

Ninachosema ni kwamba hili ni kosa la pande mbili. Wanaousimamia msitu hawajafanya vya kutosha kutuonyesha kwamba lango ni letu pia, na sisi nasi tumekubali upesi sana kwamba si letu.

Basi Jumapili tukatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mandazi kwenye karatasi, maji kwenye chupa ya chuma. Kuhusu hiyo chupa: tangu Juni 2020 ni marufuku kuingia na plastiki za kutumia mara moja katika mbuga, misitu na fuo zinazolindwa. Ile chupa ya maji ya dukani iache nyumbani, usije ukaimwaga langoni huku kiu ikikungoja ndani.

Tukavuka Thika Road kwa daraja la wapita njia, na hapo ndipo mambo hubadilika ghafla. Dakika kumi nyuma yako kuna mabati, spika tatu za makanisa matatu, na foleni ya mitungi ya maji. Mbele yako kuna ua wa michongoma uliokatwa ukanyooka kama nywele za mtoto wa shule, na kimya. Hata mbwa wa huko hubweka wakiwa ndani. Mdogo wangu alianza kutembea kwa adabu, mikono nje ya mifuko. Sikumwambia afanye hivyo. Kijana wa mtaa akiwa na miaka 17 ameshajua ni barabara gani hutembei ukiwa umeweka mikono mfukoni.

Langoni, karibu na makao makuu ya DCI, nilikuwa nimejiandaa kwa maswali. Kitambulisho nilikuwa nacho, na sauti yangu nzuri nilikuwa nayo pia. Askari akasema, "Habari ya asubuhi, mko wawili?" Tukalipa, tukaingia. Basi. Nilikuwa nimebeba hotuba nzima kichwani na hakuna aliyeitaka.

Ndani, kitu cha kwanza ni hewa. Inakuwa baridi kidogo, halafu inanukia majani yaliyolowa. Cha pili ni miti iliyopangwa mistari, mirefu, maganda yakibambuka. Hiyo ni mikaratusi, ile tunaita bluugamu. Si ya asili ya hapa, ilitoka Australia. Wakoloni waliipanda katika misitu ya Nairobi kwa sababu treni za mvuke zilikuwa zinakula kuni kama hazina tumbo. Karura yenyewe ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Leo ina zaidi ya hekta 1,000, ambazo ni ekari 2,500 na zaidi, zote ndani ya jiji, na Limuru Road imeikata upande mmoja kama kisu.

Ukitembea ukiiacha ile mistari, msitu unavurugika, na hapo ndipo pazuri. Mizizi inakatiza njia. Miti ya kiasili inaingiliana huko juu hadi jua linashuka vipande vipande. Kuna muhugu, mti mgumu ambao wachongaji wa vinyago wameupenda sana, hata umekuwa adimu sehemu nyingi. Ukiwahi kupita maduka ya vinyago mjini ukaona twiga wa mbao ya rangi ya asali, huenda uliangalia muhugu bila kujua. Hapa umesimama wima, hai, na kuvu imeota ubavuni.

Njia ni pana na zina nguzo zenye namba kila zinapokutana. Piga picha ramani iliyo langoni, halafu zima data, kwa sababu hutahitaji bando kujua uko wapi. Sisi tulijitia wajuaji tukafuata kijia kisicho na namba, na adhabu ilikuwa siafu. Mdogo wangu alicheza densi ambayo sijawahi kuiona kwenye harusi yoyote. Mama mmoja mzee aliyekuwa anapita na fimbo yake akatuambia tusipangusepanguse, tuwatoe mmoja mmoja, kisha akaendelea na safari yake akicheka.

Wanyama hawaji kukusalimia, tusidanganyane. Ukienda ukidhani ni bustani ya kuangalia wanyama kwenye vizimba, utarudi ukilalamika. Kima utawaona, hao hawana aibu, na ukifungua mandazi utawaona karibu zaidi ya unavyotaka. Usiwalishe. Kima aliyezoea chakula cha watu huanza kunyang'anya watoto. Wengine ni wa kutafutwa kwa subira. Fungo na nungunungu hutembea usiku. Pongo anakusikia kabla hujamwona. Hondohondo utamsikia mabawa kwanza, anapuliza kama mtu anayefagia hewani. Na kuna tai mkubwa mwenye kishungi ambaye huwinda kima wenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa ni kwa nini kima hutazama juu kila wakati. Nao wana wanyang'anyi wao.

Paa ndiye alitushika. Tulikuwa tumekaa kwenye gogo, mdogo wangu ananyamaza kwa sababu miguu inamuwasha, na kitu kama cha ukubwa wa sungura aliyenenepa kikatoka kichakani. Miguu kama vijiti vya kiberiti. Macho meusi makubwa. Akasimama hatua kama nane kutoka kwetu, pua ikicheza. Hatukupumua. Labda ilikuwa nusu dakika. Kisha akapotea bila hata jani kutikisika. Mdogo wangu akaninong'onezea, "Huyo anaishi hapa? Hapa Nairobi?"

Anaishi hapa Nairobi. Kodi halipi.

Mbega nao wana hadithi yao. Walikuwa wametoweka Karura muda mrefu. Miaka kama kumi iliyopita wakaletwa kutoka upande wa Kipipiri, ambako makao yao yalikuwa yanakatwa, wakaachiliwa hapa kundi moja baada ya jingine. Sasa wamezaana. Ukiona kitu cheusi na cheupe kinaruka kutoka mti hadi mti, mkia kama pazia la bibi harusi, ndiye huyo. Ni mhamiaji, kama wazazi wetu wengi waliokuja jiji hili kwa sababu kule nyumbani shamba liliisha.

Tulifika pia kwenye maporomoko ya maji na kwenye mapango. Maporomoko ni mazuri, nenda ujionee mwenyewe, sitayaeleza. Mapango ni madogo kuliko nilivyotarajia na yana harufu ya popo. Wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo, na ukiinama ukaingia unaelewa mara moja maana ya neno kujificha. Huko hakukuwa kukaa, kulikuwa kubanana gizani, huku askari wa kikoloni wakiwa si mbali.

Sasa nirudi kwa swali la Mama. Ni kweli. Hadi miaka ya mwisho ya 2000, Karura ilikuwa mahali pa kuogopwa. Majambazi walijificha humo, maiti ziliokotwa, na hata matajiri waliokuwa wanauona msitu kutoka madirisha yao hawakuthubutu kuingia. Kilichobadilisha mambo ni jirani wa aina mbili, wa mabanda na wa majumba, kuungana na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Kikaanzishwa Chama cha Marafiki wa Karura, ua wa umeme ukajengwa kuzunguka msitu, na vijana wa vitongoji vya karibu wakaajiriwa kuwa walinzi na wafanyakazi. Baadhi yao ni wale ambao zamani walikuwa wakitafuta kuni humo kwa kujificha. Kwa hivyo Mama, msitu ni ule ule, lakini siku hizi kuna watoto wa chekechea wanaoendesha baiskeli pale ulipoogopa kupita.

Ila ua haungekuwa na kitu cha kuzungushia kama si watu waliotangulia miaka kumi hivi kabla. Hapa naomba wenzangu wa rika langu wasikilize, kwa sababu hatukufundishwa hivi shuleni. Tulifundishwa kwamba Wangari Maathai alipanda miti na akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2004. Ni kama kusema mtu alicheza mpira akapewa kombe, bila kusema mechi zilikuwaje.

Katika miaka ya 90, sehemu kubwa ya Karura ilikuwa imegawiwa kampuni za kibinafsi, kimyakimya, ili zijenge nyumba za kuuza. Mwaka 1998 watu wakaanza kuona miti imeangushwa na mitambo imeingia. Maathai na wenzake wa Green Belt Movement wakaingia kupanda miche palepale palipokatwa. Oktoba mwaka huo mitambo ya ujenzi ikateketezwa. Tarehe 8 Januari 1999 walirudi tena na miche yao, wakiwa na wabunge na waandishi wa habari, na wakakutana na mabawabu wapatao 200 wenye mapanga, rungu na mijeledi. Maathai alipigwa kichwani hadi damu. Alienda kuandikisha taarifa kituo cha polisi, na alipoambiwa atie sahihi, alitia alama kwa damu yake mwenyewe.

Baada ya hapo wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia. Mwishoni mwa Januari wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Kenyatta waliandamana kwa ajili ya msitu huu, wakapambana na polisi, na chuo kikafungwa. Agosti mwaka huo huo Rais Moi akatangaza kusitisha ugawaji wa ardhi ya umma.

Wale wanafunzi walikuwa na miaka 20, 22, 23. Wengi hawakuwa watoto wa Muthaiga. Walikuwa watoto wa wakulima na wa walimu, waliolala kwenye vyumba vya hosteli vya kugombania, na walipigwa mabomu ya machozi kwa sababu ya miti ambayo labda hawakuwahi kukaa chini yake. Sisi tuliokuwa barabarani Juni 2024 tulidhani tumeanzisha kitu kipya. Hatukuanzisha, tulirithi. Mimi sikumaliza chuo, karo ilinishinda muhula wa tatu, lakini hilo somo halihitaji karo.

Ndiyo maana nakasirika, kwa upole, ninaposikia kijana wa mtaa anasema Karura ni ya wazungu na mbwa wao. Mbwa ni kweli wapo, wengine wana makoti mazuri kuliko langu. Lakini huwezi kuzawadia watu kitu kilicholipiwa na damu ya watu wako, halafu ukae nje ya ua ukiwasengenya.

Kuna sababu nyingine inayotuhusu sisi wa Mathare kuliko mtu mwingine yeyote, nayo ni maji. Kati ya mito inayopita Karura na pembeni mwake, kuna Gitathuru. Ukitoka huko juu unateremka na kuingia bonde letu, halafu unakutana na Mto Mathare kuelekea Mto Nairobi. Yaani sisi ndio tunaokaa chini ya bomba. Aprili 2024 mto ulipanda usiku, ukabeba nyumba na watu. Jirani yetu alibaki na redio na mtoto. Wiki chache baadaye zikaja tingatinga kubomoa nyumba zilizobaki ukingoni, na aliyekuwa ameokoa mabati akayapoteza pia.

Siwezi kukudanganya kwamba Karura ingezuia mafuriko yale. Mvua ilikuwa kubwa mno, na sisi tumebanana hadi ukingo wa mto kwa sababu hakuna mahali pengine pa bei yetu. Lakini mtu hahitaji shahada kuelewa kwamba udongo wa msitu hunywa maji, na lami haiwezi. Kila ekari inayotolewa msituni iwekwe saruji, maji yake hayaendi kwa mwenye nyumba iliyojengwa pale. Yanashuka. Wakati mwingine mtu akisema anataka kipande kidogo tu cha Karura kwa barabara au kwa jengo, anayepaswa kuinua mkono wa kwanza si yule anayekimbia humo asubuhi. Ni sisi. Na hatutainua mkono kwa ajili ya mahali ambapo hatujawahi kukanyaga.

Turudi kwa pesa, maana hapo ndipo kila mtaa huishia. Kwa miaka mingi kiingilio cha raia mtu mzima kilikuwa shilingi 100. Kwa anayekunywa kahawa ya soo nne pale ndani, hiyo si pesa. Kwa fundi wa mjengo anayelipwa kwa siku, mwenye bibi na watoto watatu, weka kiingilio, weka nauli ya matatu kwenda na kurudi, weka chakula, na umefika pesa ya unga wa wiki. Huyo hajakataa kutembea. Hesabu imemkataa.

Agosti 2025 kulikuwa na mzozo mkubwa kuhusu Karura, ukafika hadi mahakamani. Kilichogombaniwa ni pesa za langoni zipitie wapi, eCitizen au njia iliyokuwepo, na nani awe na sauti juu yake. Nilifuata habari zile kwa makini. Hoja ya Marafiki wa Karura niliielewa: pesa zinazokusanywa pale ndizo hulipa walinzi, hurekebisha ua na hupanda miti, na zikienda kwenye mfuko mmoja mkubwa wa serikali, nani atahakikisha zinarudi? Kwa hilo niko upande wao. Tumeona ni vitu vingapi nchi hii vilivyokufa kwa sababu pesa zilipanda juu na hazikushuka.

Lakini katika kelele zote zile sikusikia watu wakiuliza kuhusu wasioweza kulipa kabisa, iwe ni kwa M-Pesa au kwa eCitizen. Pande mbili zilivutana juu ya mkoba na hakuna aliyetazama foleni.

Mimi sitaki kiingilio kifutwe. Najua kitakachotokea kikifutwa: ua utaanguka, walinzi wataenda nyumbani, na miaka mitatu baadaye Mama atakuwa sahihi tena. Ninachotaka ni kidogo. Siku moja ya katikati ya wiki, tuseme Jumanne, msitu ukiwa mtupu, anayetoka vitongoji vya karibu aingie bure au kwa shilingi ishirini. Shule za Mathare na Huruma zipewe zamu zao kila muhula, na mtu wa kuwatembeza watoto awe kijana wa huko huko. Bango moja likae Juja Road likisema Karura iko upande ule, karibuni. Hata hilo bango tu. Sijawahi kuona tangazo la Karura mtaani kwetu. Matangazo ya mikopo ya simu nimeyaona hadi kwenye mlango wa choo.

Nasi wenyewe tuna kazi. Nilikuta vijana wenzetu wa Githurai na Kayole kule ndani, wengi kuliko nilivyofikiria, nikafurahi kuona kwamba Jumapili msitu si wa tabaka moja. Baadhi walikuwa na spika inayopiga muziki hadi kima wakahama. Sasa bro, umetembea mwendo wote huo ukiwa umebeba kelele za mtaani mgongoni? Picha piga, mimi pia nilipiga, mpaka nikaonekana nimepungua tumbo. Lakini zima spika. Kuna kitu utakisikia ukinyamaza.

Nakisema hiki kwa sababu kilinisaidia. Mara ile ya kwanza, mwaka jana, sikwenda kuona wanyama. Nilikuwa nimekaa ndani ya keja wiki tatu, sina kazi, simu haishiki, kila anayenijua ananiuliza chuo kiliishia wapi. Rafiki mmoja akanivuta kwa nguvu. Tulitembea karibu masaa manne na hatukuzungumza sana. Sikutoka na jibu la maisha. Nilitoka nikiwa na njaa, na ilikuwa muda tangu nihisi njaa. Usiku nikalala. Anayejua jinsi kukosa usingizi kunavyomla mtu ataelewa ni kwa nini naiweka Karura kwenye orodha ya vitu ambavyo kijana wa Nairobi anastahili kuvifikia, pamoja na maji na choo.

Tuliondoka saa nane, jua limekolea, viatu vyekundu kwa udongo. Lango hufungwa saa kumi na mbili jioni, kwa hivyo mwenye nguvu anaweza kukaa zaidi, sisi zilikuwa zimeisha. Kwenye daraja la Thika Road mdogo wangu alisimama akaangalia nyuma. Ukiwa pale juu unaona kijani kimejikunja nyuma ya mapaa. Akasema amekuwa akikiona kila siku akienda shule, na alidhani ni shamba la mtu.

Mama alitaka kujua tumeona nini. Mdogo wangu akaeleza paa kwa mikono yote miwili, akaruka siafu, akarudi kwa paa. Mama akasikiza hadi mwisho, akauliza wazee hulipa ngapi, kisha akasema ataenda, ila si kwa miguu.